MTO RUAHA MKUU: MAJI YALIKWENDA WAPI?

Leo tunazungumza juu ya maji ya mfereji, umeme wa taifa, na kazi ya watafiti. Mambo haya matatu yanaonekana kama hayahusiani, lakini yamekutana katika mto mmoja, na kukutana kwake kumegusa maisha ya maelfu ya wakulima na wafugaji.

Huenda ukasema, "Utafiti ni mambo ya wasomi. Mimi nina jembe langu na jaruba langu." Hebu ngoja kwanza. Neno la mtaalamu likishafika serikalini linaweza kuamua kama mfereji wako utafunguliwa au utafungwa, na kama kijiji chako kitabaki pale kilipo au kitahama. Na wakati mwingine neno linaloamua mambo hayo halitoki kwa mtaalamu hata kidogo. Ni dhana tu, watu wamesikia na watu wamerudia. Ndiyo maana inakupasa wewe mkulima ujue ni lipi lililopimwa na ni lipi lililodhaniwa.

Mfano wetu ni Mto Ruaha Mkuu, hapa hapa Tanzania.

SAFARI YA MTO

Tuanze kwa kuufuata mto wenyewe, maana bila kujua njia yake hutaelewa ugomvi wake.

Maji ya Ruaha Mkuu hutoka kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, huko kusini. Mito mingi hushuka kutoka milimani: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingineyo. Mito hii huingia katika bonde la Usangu, ambalo ni tambarare kubwa yenye udongo mzuri wa mpunga. Hapo ndipo penye mabanio, mifereji na majaruba.

Maji yanayopita mashambani huingia Ihefu. Ihefu ni ardhi oevu, yaani eneo kubwa la maji na majani, lenye samaki, ndege na malisho. Sasa sikiliza jambo hili, maana ni muhimu. Mwishoni mwa Ihefu, mahali paitwapo Ng'iriama, pana mwamba uliokaa kama ukingo wa sufuria. Maji hayatoki Ihefu mpaka yapande yafikie ukingo huo. Yakishuka chini yake, hata kama Ihefu bado ina maji, mto ulio mbele haupati hata tone.

Kutoka Ng'iriama mto hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambamo tembo, viboko na mamba hutegemea maji hayo wakati wa kiangazi. Baada ya hifadhi mto hufika bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Bwawa hilo hupokea pia maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Kutoka Mtera maji huteremka hadi bwawa la Kidatu, mkoani Morogoro, halafu huingia Rufiji, na mwisho baharini.

Basi umeona mwenyewe. Mto ni mmoja, na wanaoutegemea ni wengi: mkulima wa mpunga, mvuvi, mfugaji, mnyama wa porini, na mitambo ya umeme.

LAWAMA ILIVYOANZA

Mitambo ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975, na ikaongezwa mwaka 1980 hata kufikia megawati 204. Mwaka huo huo wa 1980 bwawa la Mtera lilikamilika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwa ghala la maji ya Kidatu: mvua ikinyesha maji yanahifadhiwa Mtera, kiangazi kikifika yanaachiwa kidogo kidogo kwenda Kidatu. Mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake ya megawati 80. Kwa hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, sehemu kubwa kabisa ya umeme wa maji nchini ilitoka kwenye mto huu mmoja.

Halafu shida ikaanza. Katika miaka ya 1990 maji ya Mtera yalishuka sana, na umeme ukagawiwa kwa zamu mijini. Viwanda vilisimama. Na mwishoni mwa mwaka 1993, kwa wiki tatu hivi, Mto Ruaha Mkuu ulikauka kabisa ndani ya hifadhi. Tangu hapo umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi, na mara nyingi kwa muda mrefu zaidi ya ule wa kwanza.

Mambo haya mawili, umeme kukatika na mto kukauka, yalitokea karibu wakati mmoja. Watu wakayaunganisha. Wakasema, "Wakulima wa Usangu wanamaliza maji. Wafugaji wa Usangu wanaharibu Ihefu. Ndiyo maana tuko gizani."

Ni kama mbuzi aliyepotea usiku, na asubuhi nyayo za fisi zikaonekana njiani. Kila mtu akasema fisi ndiye. Hakuna aliyekwenda kutazama kama mlango wa zizi ulifungwa.

WATAFITI WALIFANYA NINI

Mwaka 1998 ulianza utafiti mkubwa wa bonde la Usangu, uliojulikana kwa jina la SMUWC. Ulifanywa chini ya Wizara ya Maji kwa msaada wa Uingereza. Baada yake, tangu mwaka 2001, ukafuata utafiti mwingine ulioitwa RIPARWIN. Huu uliwaunganisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine cha Morogoro, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza, na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji.

Watafiti hawa hawakukaa ofisini tu. Walichukua vitabu vya vipimo vya mito, ambavyo vilianza kuandikwa tangu miaka ya 1950. Walitazama picha zilizopigwa kutoka angani ili kujua mashamba yalikuwa makubwa kiasi gani zamani na sasa. Walipima maji kwenye mifereji, mfereji mmoja baada ya mwingine. Na waliwauliza wakulima: unafungua maji lini, unafunga lini, nani anakutangulia, nani anakufuata.

Waliona kwamba kilimo cha umwagiliaji kimekua kweli. Miaka ya 1950 mashamba yalikuwa machache. Kufikia mwaka 2000 hivi, katika mwaka wa mvua nzuri, eneo la kumwagilia lilikuwa limefika hekta 40,000 hivi, pamoja na mashamba makubwa yaliyojengwa na serikali. Je, hilo ndilo lililozima taa? Tuyatazame matokeo yao, moja moja.

JAMBO LA KWANZA: UMEME

Bwawa la Mtera hujazwa na maji ya masika. Mafuriko ya kuanzia Desemba hadi Mei ndiyo yanayolijaza. Maji ya kiangazi, hata zamani kabla ya mifereji mingi, yalikuwa machache sana ukiyalinganisha na ukubwa wa bwawa. Kwa hiyo mkulima anayechukua maji ya kiangazi Usangu anaweza kuukausha mto hifadhini, lakini hawezi kwa maji hayo kulimaliza bwawa la Mtera. Na wakati wa masika, maji yanayopita ni mengi mno kuliko yale yanayobaki majarubani.

Basi Mtera ilipungukiwa na nini? Wahandisi wa maji, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya hesabu ya mabwawa haya mawili kwa miaka ya 1991 hadi 1994. Walihesabu maji yaliyoingia, maji yaliyopita kwenye mitambo, na maji yaliyopotea kwa jua. Wakakuta kwamba maji yaliyotoka Mtera yalizidi yale yaliyohitajika kwa umeme. Yaani ghala lilifunguliwa kupita kiasi.

Hebu tulieleze jambo hili kwa lugha ya nyumbani. Mtera ni ghala kubwa, Kidatu ni chungu kidogo jikoni. Kati ya Mtera na Kidatu kuna mito mingine, kama Lukosi na Yovi, ambayo wakati wa masika hujaza chungu hicho bila msaada wa ghala. Mpishi mwangalifu, chungu kikiwa kimejaa, hafungui ghala. Akilifungua, unga unamwagika chini. Na njaa ikija mwezi wa kumi, hawezi kumlaumu jirani aliyeomba kibaba kimoja.

Ndugu mkulima, matokeo haya hayasemi kwamba ukame haukuwapo. Miaka ya ukame ilikuwapo, na ilileta shida. Yanachosema ni kwamba sababu ya kukatika kwa umeme ilikuwa sehemu kubwa katika mvua na katika namna ya kufungua na kufunga mabwawa. Mfereji wako haukuwa na nguvu ya kuizima Dar es Salaam.

JAMBO LA PILI: MTO KUKAUKA

Lakini usishangilie bado. Utafiti ule ule uliomtetea mkulima katika jambo la umeme, ulimkuta na lawama katika jambo la pili.

Watafiti walitazama kama mvua imepungua kiasi cha kuukausha mto. Hawakuona upungufu wa namna hiyo. Walichokiona ni kwamba, kati ya mwaka 1958 na 2004, maji yanayoingia Ihefu katika miezi ya kiangazi, Julai hadi Novemba, yalipungua kwa kama asilimia 70. Sababu kubwa ni maji yanayochukuliwa na mifereji. Ihefu yenyewe, wakati wa kiangazi, ikapungua eneo lake kwa kama asilimia 40. Maji yakashuka chini ya ule mwamba wa Ng'iriama, na mto ukakatika.

Sasa utauliza, kiangazi mpunga umeshavunwa, maji ya mfereji yanafanya nini? Swali zuri. Sehemu yake ilikwenda kwenye bustani za mboga na mahindi. Sehemu ilikwenda vijijini kwa kunywa na kufua. Lakini sehemu kubwa ilikwenda kwenye mashamba yasiyo na kitu, ikasambaa, ikaliwa na jua. Mlango uliachwa wazi kwa sababu hakuna aliyeufunga.

Tufanye hesabu kidogo. Mfereji unaopitisha lita 100 kwa sekunde moja hupitisha lita 8,640,000 kwa siku. Sasa tuseme mwishoni mwa mfereji huo kuna kijiji cha watu 3,000. Kwa kipimo cha Sera ya Maji, mtu mmoja anahitaji lita 25 kwa siku. Kijiji kizima kinahitaji lita 75,000 tu. Ukiacha mfereji huo wazi kwa ajili ya maji ya kunywa peke yake, unamwaga ndoo zaidi ya mia moja ili upate ndoo moja ya kuteka. Kisima kimoja au viwili vya pampu vingeweza kuokoa mto.

Wafugaji nao wapewe haki yao katika hesabu hii. Tuseme ng'ombe mmoja anakunywa lita 40 kwa siku. Ng'ombe 100,000 watakunywa lita milioni 4. Hiyo ni chini ya nusu ya maji ya ule mfereji mmoja tuliousema. Ng'ombe wengi mahali pamoja wanaweza kuharibu majani na kingo za mito, hilo hatubishi. Lakini kuukausha mto kwa midomo yao, hapana.

JAMBO LA TATU: BANIO LA SARUJI

Jambo la tatu liliwashangaza wengi. Tangu miaka ya 1990 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilijenga mabanio ya saruji na milango ya chuma badala ya yale ya asili ya mawe, miti na majani. Nia ilikuwa njema: maji yasipotee, mkulima asiteseke kujenga banio upya kila mwaka, na maji yatakayookolewa yaende Mtera.

Lakini banio la asili lina tabia moja. Linavuja. Mafuriko yakija linabomoka. Kwa sababu hiyo, wa chini hupata chochote daima. Banio la saruji halivuji wala halibomoki. Lina uwezo wa kuchukua maji yote ya mto wakati wa kiangazi, mpaka tone la mwisho. Mahali pengi likampa nguvu mkulima wa juu, na wa chini akabaki na mchanga.

Tena watafiti waliona kwamba maji yaliyodhaniwa "yanapotea" katika majaruba ya wakulima wadogo, mengi hayakupotea. Yalitoka jaruba moja yakaingia la pili, yakatoka mfereji wa juu yakachukuliwa na wa chini. Wataalamu waliofika kwa siku mbili waliyaona maji yakitiririka nje ya shamba wakasema ni uharibifu. Jirani wa chini alikuwa anayasubiri.

Na kulikuwa na tatizo la hati. Hati za kutumia maji zilitolewa kwa lita zile zile mwaka mzima, masika na kiangazi. Ukijumlisha hati zote katika mto mmoja, jumla ilizidi maji yaliyokuwamo mtoni wakati wa kiangazi. Aliyelipa ada akasema, "Nimelipia, ni yangu." Karatasi ikasema maji yapo, mto ukasema hayapo.

MCHEZO WA GOLOLI

Watafiti wa RIPARWIN walikuwa na njia moja ya kufundishia inayofaa kutajwa. Walitengeneza ubao mpana uliowekwa kwa mteremko, wenye mfereji katikati mfano wa mto, na vijitundu pembeni mfano wa mashamba. Gololi zilimwagwa juu zikateremka kama maji. Wakulima walipewa vijiti vidogo vya kuzibia, mfano wa mabanio, kila mmoja apate gololi za shamba lake.

Katika mzunguko wa kwanza kila mtu hufanya kwa faida yake. Walio juu hujaza vitundu vyao hata vikafurika. Walio chini hukosa kabisa, na kelele hupanda. Halafu huambiwa wabadilishane nafasi, wa juu awe wa chini. Baada ya hapo hukaa na kupanga: nani apunguze, kwa kiasi gani, na kwa zamu ipi. Jambo ambalo hotuba ya saa nzima haikuweza kulieleza, gololi hulieleza kwa muda mfupi. Kila mtu ameona kwa macho yake kwamba aliye juu hahitaji kuwa mtu mbaya ili amdhulumu wa chini. Inatosha kwamba hamwoni.

SERIKALI ILICHUKUA HATUA GANI

Utafiti hauwi sheria kwa siku moja, na wakati mwingine serikali husikia sehemu moja ikaacha nyingine.

Mwezi Machi 2001, akiwa London, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Frederick Sumaye, aliahidi kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima kufikia mwaka 2010. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ikaweka utaratibu mpya: kwanza maji ya kunywa na matumizi ya nyumbani, pili maji ya mazingira, yaani yale yanayoachwa mtoni ili mto uishi, halafu ndipo kilimo, umeme na viwanda. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikautia nguvu utaratibu huo. Sheria hiyo ilileta vibali badala ya zile hati za zamani, na ikazitambua jumuiya za watumia maji. Hapa mkono wa utafiti unaonekana.

Lakini mwaka 2006, ukame ulipokuwa mkali na umeme ukagawiwa tena kwa zamu, ile dhana ya zamani ilirudi. Kati ya mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao. Wengi walipelekwa au walihamia mikoa ya Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo la Ihefu na ardhi iliyolizunguka likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Vijiji vya Mbarali vimeishi na mgogoro wa mipaka kwa miaka mingi baada ya hapo.

Na mto je? Mwaka 2010 ulifika, mto ukaendelea kukauka. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Ndugu Samia Suluhu Hassan, alizindua kikosi kazi cha kuuokoa, maana ulikuwa bado unakauka ingawa ng'ombe walishaondoka. Mlango wa zizi ulikuwa bado wazi.

Watafiti walishasema kinachotakiwa, na ni kipimo, si hasira. Ili hifadhi ipate angalau lita 600 kwa sekunde wakati wa kiangazi, maji yanayoingia Ihefu yanatakiwa yawe kama lita 7,000 kwa sekunde. Wakati wa utafiti yalikuwa kama nusu ya hayo. Tofauti hiyo iko kwenye mabanio ya juu, na inaweza kupatikana kwa kufunga milango ya kiangazi bila kupunguza ekari hata moja ya mpunga wa masika.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Ruaha Mkuu huchangia kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji; sehemu kubwa zaidi hutoka Kilombero. Siku maji yakipungua huko, wakulima wa juu wasishangae kusikia wanatajwa. Jibu lao liwe na kipimo ndani yake.

WEWE UFANYE NINI

Haya, ndugu mkulima, sasa tuingie shambani. Hata kama hukai Usangu, mto wako una watu juu na una watu chini.

1. Fungeni banio mkishavuna. Kamati ya mfereji iweke tarehe, na iwe na mtu mwenye ufunguo wa mlango. Kama kijiji kinategemea mfereji kwa maji ya kunywa, jambo la kwanza kudai kwa halmashauri ni visima.

2. Oteshena miche pamoja, karibu na mfereji mkuu. Kila mmoja akiwa na kitalu chake mwisho wa shamba, mfereji mzima hujazwa maji kwa ajili ya vitalu vichache. Pandikizeni kwa zamu inayojulikana, ili msimu usirefuke.

3. Sawazisha jaruba. Kujaza maji ya kina cha sentimita 10 katika hekta moja huhitaji lita milioni moja. Jaruba lisilo sawa hutaka kina kikubwa zaidi ili kile kilima cha katikati kipate maji. Jembe la kusawazisha ni bwawa lako la bure.

4. Maji ya ziada yarudi mtoni. Chimbeni mfereji wa kutolea maji mwisho wa shamba. Maji yanayosambaa porini hayamsaidii jirani wala Ihefu.

5. Pimeni wenyewe. Chagua sehemu ya mfereji iliyonyooka, pima mita 10. Tupa kijiti majini, hesabu sekunde. Tuseme kimetumia sekunde 20, mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Mfereji una upana wa mita 1 na kina cha nusu mita. Zidisha: 1 mara nusu mara nusu ni robo ya mita ya ujazo, yaani lita 250. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo chukua sehemu nne katika tano: lita 200 kwa sekunde. Andika katika daftari, kila wiki, masika na kiangazi.

6. Ingieni katika jumuiya ya watumia maji, na someni kibali chenu. Kinasema lita ngapi? Kwa miezi ipi? Ofisi ya bonde ikiitisha mkutano, nendeni na daftari lile la vipimo. Mkulima mwenye daftari hasukumwi kirahisi.

Ndugu mkulima, tumalize kwa kukumbushana. Utafiti wa Usangu ulisema maneno mawili kwa wakati mmoja: umeme haukukatika kwa sababu ya mfereji wako, na mto unakauka kwa sababu ya mfereji wako usiofungwa. Viongozi wengi walipenda kusikia neno la pili, wakulima wengi walipenda kusikia la kwanza. Mto unataka yote mawili. Aliyefungua bwawa bila hesabu ajibu kwa sehemu yake, na aliyeacha mlango wa banio wazi mwezi wa tisa ajibu kwa sehemu yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mfereji wetu unapitisha lita ngapi kwa sekunde mwezi huu? Nani atapima, na nani ataandika?

2. Baada ya mavuno, maji ya mfereji wetu yanakwenda wapi? Nani anayahitaji kweli?

3. Ni akina nani wanaotumia mto huu chini yetu? Tumekaa nao lini kwa mara ya mwisho?

4. Kibali chetu cha maji kinasema nini juu ya kiangazi?

5. Banio letu likifungwa, akina mama watateka wapi maji ya kunywa? Tumdai nani kisima, na lini?

Jadilianeni, na kila neno mtakalokubaliana liandikwe katika daftari la kikundi. Kwa leo tunaishia hapa. Kazi njema.